Kipya kinyemi, lakini kisiwe kidonda kichwani

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii inawahusu sana wapenzi wa mitindo ya nywele na urembo. Picha ya mwanamitindo aliyepita jukwaani Paris au New York jana jioni huwa imefika kwenye simu ya msichana wa Kianyaga kabla chai ya asubuhi haijachemka. Ifikapo Jumamosi, mtindo huo tayari unasukwa sebuleni kwa rafiki, kwa chanuo, sufuria ya maji moto na kioo kimoja cha kupokezana.

Mpenzi msomaji, sikusudii kukukataza kujipamba. Kujipamba ni jambo la furaha, na mtu anayependeza huwa pia na moyo mkunjufu. Ninalokusudia ni kukuonyesha jinsi ya kuiga mitindo hiyo nyumbani bila kupoteza nywele, ngozi au figo.

Hapa Kianyaga, chini ya Mlima Kenya, wagonjwa wa urembo huongezeka shule zinapofungwa na wakati wa harusi nyingi, hasa mwezi wa Desemba. Yuko mtoto wa kike aliyebabuka mgongo kwa maji ya moto. Yuko mama aliyefura macho baada ya kupaka nywele rangi nyeusi. Yuko pia msichana ambaye nywele za paji la uso zimeanza kurudi nyuma kama za mzee. Wote hawa waliiga mtindo waliouona, lakini hakuna aliyewaeleza jinsi mtindo ule ulivyotengenezwa.

JUKWAANI NI DAKIKA, NYUMBANI NI WIKI

Onyesho la mitindo kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 20 hivi. Nywele unazoziona pale mara nyingi si za mvaaji. Hubandikwa na mafundi, hushikizwa kwa pini na jeli, kisha huvuliwa usiku uo huo. Mwanamitindo hulala na kichwa chake cha kawaida.

Chukua mfano wa onyesho la Marc Jacobs lililofanyika New York mnamo Septemba 2016. Wanamitindo walipita wakiwa na dredi ndefu za rangi nyingi zilizozua mjadala mkali. Dredi hizo zilikuwa za sufu, zikaondolewa onyesho lilipokwisha. Sasa linganisha na dredi za Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau kutoka Nyeri. Yeye alizifuga tangu enzi za msituni katika miaka ya 1950, na zilikatwa Aprili 2022 na Mama Ngina Kenyatta. Dredi za Muthoni ziliota zenyewe, polepole, bila kuvutwa kwa nguvu ili zipendeze kufikia Ijumaa.

Mfano mwingine ni wa Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2014. Mnamo Mei 2016 alihudhuria karamu ya Met Gala, New York, nywele zake zikiwa zimesimama wima kama mnara. Picha hizo zilienea duniani kote. Lakini mnara ule ulijengwa kwa ajili ya jioni moja tu.

Sisi huku nyumbani hufanya kinyume. Tunauchukua mtindo wa dakika 15, tunaukaza barabara ili usifumuke, kisha tunatembea nao kwa miezi miwili kwa sababu tumelipia pesa nyingi. Hapo ndipo madhara huanzia. Hata wanamitindo wenyewe hawaponi wanaporudia mambo haya kila siku. Naomi Campbell, Mwingereza aliyetamba jukwaani kwa miaka mingi, amesema hadharani kwamba nywele zake ziliisha kwa sababu ya kuunganishwa nywele bandia.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: ukiiga mtindo wa jukwaani, iga na muda wake. Mtindo mzito au unaovuta uvae siku ya sherehe, uuvue jioni. Mtindo wa kukaa nao kwa wiki kadhaa lazima uwe mwepesi na uliolegea.

JINSI UNYWELE UNAVYONG'OKA

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele umekaa katika kifuko kidogo ndani ya ngozi, na hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwezi. Ni kawaida nywele 50 hadi 100 kuanguka kila siku na nyingine kuchukua nafasi zake. Kwa hivyo usishtuke ukiona nywele kadhaa kwenye chanuo.

Hatari iko kwenye kuvutwa mfululizo. Unywele unapovutwa mchana na usiku kwa wiki nyingi, kifuko chake huwashwa na kufura. Dalili za kwanza unazijua: kichwa kuuma usiku wa kusukwa, kushindwa kulalia upande mmoja, na vipele vidogo kando ya mistari, wakati mwingine vyenye usaha. Wengi husema hiyo ni dalili kwamba nywele zimesukwa vizuri. La hasha! Hicho ni kilio cha ngozi.

Dalili hizo zikipuuzwa, nywele za paji la uso na za juu ya masikio huanza kupungua. Ukiacha kuzivuta mapema, huweza kuota tena kwa miezi kadhaa. Lakini kifuko kikishageuka kovu, hakuna mafuta, kitunguu wala dawa ya dukani itakayoufufua unywele ule. Ngozi hubaki laini na yenye kung'aa, na kipara hicho ni cha maisha.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha ni dhaifu kuliko nywele za asili. Kutia dawa leo na kusuka kesho ni kumpiga mgonjwa aliyelala kitandani. Ngoja angalau wiki mbili.

MITINDO MITANO NA JINSI YA KUIIGA

Kwanza, nywele zilizolazwa na kufungwa kifundo kimoja nyuma. Mtindo huu hurudi jukwaani mwaka baada ya mwaka. Nyumbani, kosa ni kuzivuta kwa kamba ya mpira mpaka nyusi zipande. Lowesha nywele kidogo, paka jeli, zilaze kwa brashi laini, kisha funga leso ya kitambaa laini kwa dakika 20. Leso ndiyo itakayozilaza, si kuvuta. Funga kifundo kwa ukanda wa kitambaa au soksi safi iliyokatwa, na ukifungue kabla ya kulala.

Pili, nywele zilizonyooka na kusimama kwa wingi. Hapa mama zetu walikuwa na ujuzi ambao leo umesahaulika, yaani uzi mweusi. Osha nywele, zipake mafuta kidogo, zigawe mafungu kama 15, kisha zungushia kila fungu uzi kuanzia sentimita moja kutoka ngozini hadi nchani. Usikaze. Lala nazo. Asubuhi fungua uzi na utakuta nywele zimenyooka bila moto wala dawa. Baada ya hapo unaweza kuzijenga umbo lolote, hata mnara.

Tatu, songo ndefu za kufika kiunoni. Urefu una uzito, na uzito wote huo unabebwa na mizizi yako. Mwambie msusi atumie nywele bandia chache, na asianze kusuka kwenye vinyweleo vidogo vya paji la uso. Songo nene kiasi ni bora kuliko songo nyembamba sana, kwani songo nyembamba hubeba mzigo kwa nywele chache. Ukitaka urefu wa siku moja, suka matuta mepesi, kisha funga mkia bandia nyuma na uuvue ukifika nyumbani. Songo zisizidi wiki sita hadi nane, na baada ya kuzifumua, zipumzishe nywele kwa wiki mbili.

Nne, dredi au songo za rangi. Huna haja ya kupaka kichwa rangi. Tumia nywele bandia za rangi unayoitaka, au uzi wa kufumia sweta. Uzi huo ni mwepesi, na ncha zake hufungwa kwa fundo tu bila maji ya moto. Tahadhari ni moja: hunywa maji ukawa mzito na huchukua muda kukauka. Katika miezi ya baridi na ukungu huku kwetu milimani, Juni na Julai, usiunyeshee mvua na usilale nao ukiwa umelowa.

Tano, wigi. Nalo lina siri yake. Wigi la kubandikwa kwa gundi pembeni huondoka na nywele za paji la uso kila linapobanduliwa. Chagua lenye mkanda wa kurekebisha, livalie juu ya kofia laini ya kitambaa, na ulivue usiku. Kichwa nacho kinahitaji hewa.

Ukisuka nywele bandia zikakuwasha, mara nyingi ni kwa sababu ya dawa zilizopakwa kiwandani. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zisuuze na uzianike kabla ya kusuka. Muwasho ukiendelea kwa zaidi ya siku mbili au tatu, zifumue. Pesa hurudi, nywele hazirudi.

MAJI YA MOTO, MOTO NA JIKO

Ncha za songo za nywele bandia huchovywa katika maji yanayotokota ili zisifumuke. Kazi hii ya mwisho, inayofanywa kila mtu akiwa amechoka, ndiyo huleta ajali. Songo zilizochovywa hubaki na maji ya moto ndani yake, na zikiachiliwa hugonga mgongo, shingo au mapaja. Nguo zikilowa, joto hukwama ngozini.

Ifanye hivi. Anayesukwa akae wima kwenye kiti, mgongo na mabega yakiwa yamefunikwa taulo mbili nene. Sufuria iwekwe juu ya meza imara nyuma yake, kamwe isiwekwe mapajani wala kushikwa na mtoto. Chovya songo chache kwa wakati mmoja, zitoe, zikamue kwa taulo kavu, ndipo uziachilie. Watoto wadogo wasichovywe kabisa. Wafunge ncha kwa ushanga au uzi. Kuchoma ncha kwa kiberiti au mshumaa usifikirie hata kidogo, maana nywele bandia hushika moto na kuyeyuka, na mabonge yake yanayeyukia ngozini.

Katika miji yetu ya milimani kuna hatari nyingine isiyoonekana. Wengi hukausha nywele au kupasha chanuo la chuma juu ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Kichwa huanza kuuma, macho huzunguka, kichefuchefu hufuata, na mtu anaweza kulala asiamke. Fungua mlango na madirisha, au uliweke jiko nje.

Mtu akibabuka, mwagilia mahali palipoungua maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Mvue nguo na mapambo yaliyo karibu, lakini usibandue kilichogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, unga, yai, siagi wala mafuta ya taa. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini ikiwa eneo ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, ikiwa ni usoni, mikononi au sehemu za siri, au ikiwa aliyeungua ni mtoto.

DAWA YA KULAINISHA NYWELE

Dawa hizi huvunja kamba za ndani zinazoufanya unywele ujikunje. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, kemikali ile ile inayozibua mabomba ya maji machafu. Hata zile zinazotangazwa kuwa hazina kostiki ni kali na zinaweza kuchoma ngozi.

Imani kwamba dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi imewaharibu wengi. Dawa inafanya kazi kwenye unywele, na unywele hauna hisia. Ukihisi moto, ujue kinachoungua ni ngozi.

Ikiwa umeamua kuitumia, fuata haya. Usijikune wala kuchana kwa nguvu siku tatu kabla. Usiitie penye kidonda au vipele. Paka mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso, masikio na shingo. Vaa glavu. Tia kwenye nywele mpya zilizoota tu, na usirudie kabla ya wiki nane. Weka saa mbele yako na usizidishe dakika zilizoandikwa. Ikianza kuwasha, ioshe papo hapo, hata kama dakika hazijafika. Kichwa cha mtoto si mahali pa dawa hii.

Liko jambo jingine la kufikiria. Mnamo Oktoba 2022, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kati yao, 378 walipatwa na saratani ya mji wa mimba. Watafiti walikadiria kwamba kati ya wanawake wasiowahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 wangepata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, ilikuwa asilimia 4.05. Utafiti huo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na saratani hiyo bado si ya kawaida. Lakini mtu mwenye busara akisikia hivyo atapunguza.

Dawa ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kisha nenda hospitalini. Mtoto akiimeza, msuuze mdomo, usimlazimishe kutapika, na umkimbize hospitalini ukiwa na mkebe wa dawa mkononi. Kumtapisha ni kumuunguza koo mara ya pili.

RANGI, HINA NA PIKO

Rangi nyingi za kudumu za nywele, hasa nyeusi, zina kemikali inayojulikana kwa kifupi kama PPD. Watu wengi huitumia bila taabu. Wengine mwili hukataa, na mara nyingi si siku ya kwanza. Mwili huizoea adui yake kimya kimya, kisha siku moja macho hufura yakafunga, ngozi ya kichwa hutoa maji, na katika hali mbaya koo hubana.

Kemikali hiyo hiyo huchanganywa katika piko, ile hina nyeusi inayopendwa na maharusi wa Mombasa, Lamu na Unguja, na ambayo sasa imepanda hadi saluni za bara. Hina halisi ni majani yaliyosagwa na hutoa rangi ya kahawia au nyekundu. Ikiwa nyeusi tititi baada ya muda mfupi, si hina tupu. Chagua hina nyekundu, na usimpake mtoto mchanga hata hiyo, maana baadhi ya watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu huweza kudhurika.

Kabla ya kupaka rangi yoyote, paka tone moja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na ungoje saa 48. Fanya hivyo kila mara, hata kama ulitumia rangi hiyo mwaka jana. Kwa bibi harusi, hii ina maana kwamba majaribio yafanywe wiki moja kabla, si mkesha wa harusi.

USO UNG'AE, USICHUBULIWE

Uso unaong'aa kama ulioloweshwa umande ni mtindo wa jukwaani ulio rahisi kuliko yote. Osha uso, paka mafuta yako ya kawaida, kisha gusa mafuta ya mgando kidogo juu ya mifupa ya mashavu na kwenye kope za juu. Basi. Mwenye chunusi asipake kwenye mashavu yote, na jioni kila mtu auoshe uso. Wanja na maskara usiazimane na mtu, kwa sababu maradhi ya macho husafiri navyo. Kope bandia zibandikwe kwa gundi ya kope pekee. Gundi ya viatu na vikombe haina kazi machoni.

Mng'ao huo usichanganywe na kujichubua. Alek Wek wa Sudan Kusini, aliyetokea kwenye jalada la jarida la Elle mnamo Novemba 1997, na Ajuma Nasenyana wetu wa Turkana walipita kwenye majukwaa makubwa ya dunia wakiwa na ngozi zao nyeusi. Jukwaa halikuwadai weupe.

Krimu za kujichubua zimewaumiza Wakenya kwa muda mrefu. Mwaka wa 1972, madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu wagonjwa 60 katika Hospitali ya Kenyatta ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini, miili ikawafura. Kati yao, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zilizokuwa na zebaki. Kati ya 26 waliofuatiliwa, nusu walipata nafuu. Kwa waliosalia, weupe wa miezi michache uliacha deni kubwa.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Bado huuzwa kwa kificho, pamoja na krimu za steroidi ambazo ni dawa za hospitali. Steroidi zikipakwa usoni kwa miezi huifanya ngozi iwe nyembamba, itoe chunusi na mishipa myekundu. Krimu isiyo na orodha ya viungo, inayoahidi weupe kwa siku saba, irudishe dukani. Ikiwa umekuwa ukitumia, mwone daktari kabla ya kuacha ghafla, hasa kama una mimba, mwili unafura au mkojo una povu.

WANAUME NAO

Vijana wa kiume huiga pia, kwa kunyolewa pembeni hadi ngozini na kuchorwa mistari. Mashine isiyosafishwa hueneza mapunye, na wembe uliotumiwa unaweza kupitisha virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Mwambie kinyozi aifute mashine kwa spiriti mbele yako, na wembe uwe mpya. Mwenye kuotwa na vipele vigumu kisogoni asinyolewe chini kabisa, kwani kila kunyolewa huviongeza mpaka vikawa makovu. Mapunye ya kichwani kwa mtoto hayaponi kwa krimu peke yake. Yanahitaji dawa ya kumeza, kwa hivyo mlete hospitalini badala ya kubadilisha mafuta.

MASWALI YA KUJIULIZA KABLA YA KUKETI

Kabla hujakabidhi kichwa chako kwa msusi, jiulize maswali matano. Je, mtindo huu nitauvua lini? Je, ninaweza kuinua nyusi na kutafuna bila maumivu baada ya kusukwa? Je, kitakachopakwa kina orodha ya viungo, na nimekijaribu kwa saa 48? Je, maji ya moto na dawa viko mbali na watoto? Je, nywele zangu zimepumzika tangu mtindo uliopita?

Jibu moja likikosekana, ahirisha. Na ikiwa umeshasukwa na usiku huu kichwa kinakuuma hadi usingizi unakataa, usimeze dawa ya maumivu ukalala ukingoja kizoee. Mwamshe dada yako, mfungue mistari ya mbele. Mchana mtu akikuuliza mbona mtindo umeharibika, mwambie akili ni nywele, kila mtu ana zake, nawe umeamua kubaki na zote mbili.